Jina la Ummi Kombe

Ukunda, Jumapili

Kwa Baba yangu, Mwalimu Mbwana,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Natumai goti limekuruhusu kufika msikitini, na Mama analala vyema tangu abadilishiwe dawa za presha. Mimi ni mzima wa mwili. Nakuandikia kwa kalamu kwa kuwa husikilizi sauti za kwenye simu, na pia kwa kuwa haya yangenishinda kuyatamka.

Uliniuliza habari za kazi. Kasualti, kwa wagonjwa wa dharura, ni ile ile: ajali za bodaboda, watoto wenye homa, wazee waliochelewa. Kilichozidi ni bima ya afya. Walikuja na mahema na vipaza sauti pale Kona ya Musa, wakagawa fulana na kuimba kwamba hakuna atakayeachwa. Mimi nikatumwa kijiji cha Bodo wiki nzima kuhimiza watu wajisajili, ati daktari huaminiwa. Na kweli waliniamini. Niliwaambia kwamba aliyesajiliwa hatafia mlangoni. Nikikumbuka ufasaha wangu wa siku ile, natamani kujizaba kofi.

Katika foleni walikuwamo ndugu wawili, Ummi Kombe na mdogo wake Biasha. Ummi alikuwa na kitambulisho, akamaliza kwa dakika tano. Biasha hakuwa nacho. Alizaliwa nyumbani, na mara mbili alipokwenda kukiomba alirudishwa akalete karatasi za babu yake, mtu aliyekufa bila kuwahi kumiliki karatasi yoyote. Bila kitambulisho hakuna kusajiliwa. Nilimwambia asubiri, mambo yatatengenezwa. Neno hilo twalisema sana sisi wafanyakazi wa serikali.

Miezi miwili baadaye, Jumatano mchana, Ummi alimleta Biasha kwangu akiwa amezimia. Mimba ilikuwa imetunga nje ya kizazi na mrija umepasuka. Tumbo lilijaa damu. Sheria yasema dharura haingoji makaratasi. Lakini hospitali yetu ilikuwa imetibu wengi wasiosajiliwa na haikurudishiwa kitu, na msimamizi alikwisha amuru kwamba chumba cha upasuaji hakifunguliwi bila namba ya bima. Karani wetu, Maweu, kijana mpole kutoka Makueni, alisimama na faili tupu mkononi, macho yamemtoka. Mwishowe namba ya Ummi ikaandikwa. Mgonjwa aliyezimia hachukuliwi alama za vidole. Saini ya daktari yatosha. Nikatia saini, tukampasua. Tulikwisha chelewa, Baba. Alikata roho kabla sijamaliza kumshona.

Alizikwa Bodo kesho yake asubuhi, na waliomzika walimjua ni Biasha. Kwenye kompyuta aliyekufa ni Ummi.

Ummi ana mimba ya miezi minane. Wiki tatu zilizopita alikuja kliniki, miguu imemvimba, kichwa chamgonga, presha iko juu kuliko ninavyoweza kukuandikia bila Mama kushtuka. Maweu alipoingiza namba yake, akamwambia kwa upole kwamba mwenye namba hii ni marehemu. Ummi alicheka kwanza. Kisha akalia mbele ya foleni nzima, na wapo waliodhani ni mwizi wa bima amenaswa. Alirudi kwao bila hata kupewa kidonge.

Kamati ikaundwa, ikaniita. Nikaulizwa jina la aliye hai lilifikaje kwenye faili la maiti. Nikajibu kwamba familia ilinidanganya. Nililisema hilo nimekaa wima, na koti langu jeupe limepigwa pasi. Sasa polisi wamepewa jina la Ummi, na Ummi hathubutu kukanyaga hospitali yoyote.

Baba, hakuna aliyenidanganya. Ummi siku ile alikuwa akilia tu, kitambulisho kimo ndani ya mkoba. Ni mimi niliyemwambia akitoe. Yeye alikataa, akasema anaogopa, kwani si jina la mdogo wake. Nikamfokea kwamba akiendelea kukataa atamzika mdogo wake. Nilijua ninachofanya wakati wa kutia saini, na mbele ya kamati nilijua ninachofanya vilevile. La kwanza sijutii. La pili linanila.

Jana nilipeleka kwa msimamizi maelezo yangu ya kweli, nakala kwa polisi. Huenda nikanyang'anywa leseni. Ukisikia hivyo usinitetee kwa mtu. Nikatoka hapo nikaenda Bodo kumwambia Ummi, nikidhani nampelekea nafuu. Alinipokea kwa heshima, akanipa kiti. Nikamweleza kwamba jina lake litarudishwa, ila litachukua miezi, kuna barua za kwenda Nairobi na kurudi. Akanisikiliza mpaka mwisho, mkono juu ya tumbo. Halafu akaniuliza, uchungu ukimshika wiki hii, nitamwandika kwa jina la nani.

Nimeacha mashine ya presha na dawa kwa mkunga wa hapo, nami nitakwenda kila siku nikitoka zamu, maadamu bado ni daktari.

Msalimie Mama, lakini barua hii usimsomee yote. Wasalimie na majirani wanaoniombea dua. Wape na jina la Ummi.

Wabillahi tawfiq.

Mwanao,
Abdulaziz