Maelezo ya Karani Kuhusu Mtoto Ambaye Hakupotea

Kituo cha polisi, chumba cha maelezo. Tarehe 14 Juni, saa kumi na moja na robo jioni.
Jina la shahidi: limeandikwa kwenye jalada. Umri: miaka 23. Kazi: karani, ofisi ya mtaa. Makazi: nyumba namba 41, kwa dada yangu.

Nimeonywa niseme kweli. Naogopa, lakini nitasema kwa mpangilio.

Mnamo tarehe ya leo, saa mbili kamili asubuhi, walifika ofisini kwetu vijana watatu watengenezaji wa programu za simu. Walikuwa na siku moja tu ya kututengenezea programu ya mtaa: mkazi akipata shida anaandika taarifa, na majirani wote wanapata ujumbe kwenye simu. Saa kumi jioni mwenyekiti alitakiwa kuonyeshwa. Mkuu wao alisema, "Ile ya 'haraka haraka haina baraka' tumeiacha mlangoni. Leo tunapika, leo tunapakua." Anayeandika programu ni msichana mdogo kuliko mimi, ila wenzake wanamwita Shangazi kwa jinsi anavyowagombeza.

Saa nne Shangazi aliniomba majina na namba za simu za kujaribia. "Tunga tu, kaka. Yoyote." Sikuweza. Tangu niajiriwe nimefundishwa kwamba karani haandiki mtu asiyekuwepo. Nilimpa daftari la wakazi, kaya 312, na namba zao za kweli. Hilo sikumwambia. Nadhani niliona ni jambo linaloeleweka.

Saa nane na dakika tano mchana aliniomba taarifa ya mfano, ya mtoto aliyepotea. Hapo pia sikuweza kutunga. Niliandika sura ya binti wa dada yangu: miaka mitano, gauni la njano, pengo la mbele. Palipoulizwa alionekana mwisho na nani, nilitazama dirishani, nikaandika: fundi viatu mwenye aproni ya bluu, ng'ambo ya ofisi ya mtaa. Nilimwandika kwa kuwa alikuwa pale. Sina ugomvi naye. Viatu nilivyovaa kavishona yeye.

Shangazi alibonyeza, simu yangu ikalia mfukoni. Naomba iandikwe kwamba nilifurahi. Shangazi hakufurahi. Aliniuliza, "Kaka, yako imeliaje? Namba si za kutunga?"

Nikamjibu, "Mimi nilidhani hii bado haijaunganishwa."

 Shangazi akaandika haraka kwamba lilikuwa jaribio, lakini ujumbe haukwenda. Asubuhi alikuwa ameweka zuio la nusu saa kati ya taarifa moja na nyingine, ili majirani wasisumbuane.

Saa nane na dakika ishirini nilisikia kelele, nikatoka. Watu kama arobaini walikuwa wamemzunguka fundi. Aliyemshika shati ni dada yangu, miguu mitupu. Alikuwa akisema, "Mwanangu umempeleka wapi?" Fundi akawa anajibu, "Mama, mtoto gani? Niambie basi ni mtoto gani." Mkono wake wa kushoto ulikuwa unaning'inia.

Nilipiga kelele kwamba niliyeandika ni mimi, hakuna mtoto aliyepotea. Mzee mmoja akasema, "Huyu ni mjomba wake, uchungu umemchanganya. Mwekeni kando." Wakaniweka kando, kwa upole kabisa. Mmoja alinipa maji.

Saa tisa kasoro kumi mtoto alionekana akitoka kucheza kwa jirani. Nilidhani yameisha. Watu wakasema, "Ahaa, kaogopa, kamrudisha." Ndipo askari walipofika wakamchukua fundi.

Sasa afande ananiambia wakazi kumi na wanne wameandikisha kwamba walimwona fundi akimshika mtoto mkono. Mmoja ametaja hadi pipi aliyompa. Sielewi. Mtoto huyo nilimweka pale mimi, kwa vidole hivi. Nimesomewa maelezo yao mara mbili, na mara ya pili nami nilianza kama kumwona.

Lakini hakumshika. Alikuwa anashona. Najua aliyeandika uongo anaweza kushtakiwa, na aliyeandika ni mimi. Hayo ndiyo ninayoyajua, sina mengine.

Saini ya shahidi: (ametia)

Maelezo ya afisa: Nimemsomea shahidi, amekubali ni sahihi. Ameuliza kama fundi viatu ataachiwa leo. Nimemjibu kwamba wale kumi na wanne lazima waitwe tena, mmoja mmoja. Nimeanza na dada yake. Amesomewa maelezo haya yote, akalia, akasema mdogo wake hasemi uongo. Nilipomuuliza tena kuhusu fundi, alisema alimwona akimshika mtoto mkono.