Oili Inakwenda Wapi

Jumapili, 4 Machi

Natangaza rasmi, mbele yangu mwenyewe na mende mmoja aliyehudhuria: bomba la bafuni limezibuka. Wiki tatu tumeoga tumesimama kwenye maji ya jana. Waya ulishindwa, fimbo ilishindwa. Kilichoweza ni kijiti cha kupimia oili — nilikichomoa kwenye gari la kaka bila kumsumbua kwa kumwomba. Kimetoka kimepinda kama alama ya kuuliza. Si neno. Muuza vyuma chakavu kaniuzia kingine, kaapa vijiti vyote ni ndugu. Kimeingia. Kaka hajui, na hana haja ya kujua.

Ijumaa, 16 Machi

Gari linakunywa oili. Lina umri wa kuoa, hilo gari, ila ulevi haukuwa tabia yake. Kaka anapima asubuhi — kijiti kikavu. Anajaza. Kesho kutwa kikavu tena. Nyuma moshi wa bluu. Jirani kaanua nguo zake huku akitukana ukoo wetu mmoja mmoja. Kaka kapiga bampa teke. Bampa limebonyea, kidole gumba cha mguu kimevimba. Sare.

Jumanne, 20 Machi

Shemeji kaliangalia gerejini kwake. Shemeji ndiye mume wa dada yetu, fundi, mtu wa maneno machache. Kalaza boksi chini ya injini kutwa nzima: hata tone. Kapima kompresheni ya silinda zote nne: safi. Ringi za pistoni nzima, hazipitishi oili. Kachomoa kijiti: kikavu. Kasema hajui oili inakwenda wapi.

Fundi kusema hajui ni uungwana. Kwa kaka ni kukiri. Kauliza mbele ya wateja, mara tatu, ni stoo ya nani inayoshiba oili yake. Dada kamwambia anyamaze. Kamsukuma dada hadi kwenye matairi.

Alhamisi, 22 Machi



Kaka kaingia gerejini, kakuta dumu la oili, nusu. Hakuuliza la nani. Shemeji alikuwa kainama kwenye gari la kaka, mkono wa kulia kwenye ukingo wa injini. Kaka kashika boneti kwa mikono miwili, kaishusha kwa uzito wake wote. Nilisikia kitu kama karanga ikipasuka. Kainua. Kashusha tena.

Vidole viwili. Shemeji alikaa chini akavitazama kama vya mtu mwingine. Dada kamrukia kaka mgongoni, kamng'ata sikio, damu ikashuka hadi kwenye kola. Mimi nilikuwa nimemshikia shemeji tochi. Niliendelea kuishika.

Ijumaa, 23 Machi

Mdogo wake shemeji, wanamwita Tingatinga, kaja hapa nyumbani na nyundo. Vioo sita vya gari, taa nne, meno mawili ya kaka. Meno nimeyaokota mimi katikati ya vipande vya vioo. Ilibidi nichambue kama mchele. Dada katuma ujumbe kwamba hana tena kaka. Sikuuliza kama nami nimo.

Jumapili, 25 Machi

Kaka ananoa panga uani. Hana haraka. Anajaribu makali kwenye ukucha. Akimaliza chai anakwenda kwa shemeji hospitali. Nimemwambia atafungwa. Kasema, kwa pengo, afungwe, lakini oili yake ataiona, hata kama ni kumpasua fundi aitafute humo.

Mimi nimetoka huko huko wodini. Kidole kimoja wamekikata. Shemeji hakumlaumu mtu. Kanivuta karibu:

"Shemeji, kile kijiti kinalegalega kwenye tundu lake. Mlikibadilisha? Maana kikiwa kifupi hakifiki kwenye oili. Utaona pakavu, utajaza, injini itaichoma iliyozidi. Gari ni zima, na wewe unajaza tu."

Nimemwambia sijui. Sauti yangu ilitoka nzuri sana.

Nimeteremsha kile cha zamani kutoka juu ya kabati, nimekinyoosha kwa kisigino cha kiatu. Kaka alipoingia ndani kuchukua sukari, nikachomoa cha kwenye gari. Nimevilaza kitandani, kichwa kwa kichwa. Uani jiwe la kunolea limenyamaza, kijiko kinakoroga chai.

Nilichonunua ni kifupi kwa vidole viwili.