Rola Haipakwi, Inapikwa

Ifakara, Juni 1996

Kaka Deo, shikamoo.

Ulisema huku nitakuta mbu na mchele tu, na kwamba chuma kigumu lazima kitoke ng'ambo. Basi soma. Pumba za mpunga hutafuna rola za mashine za kukoboa kama msasa. Mama Koleta, mwenye mashine hapa Lipangalala, alikuwa ameapa kutonunua tena rola ya fundi wa hapa. Fundi Gervas, anayenifundisha uhunzi, akaifukia rola aliyoitengeneza katika unga wa boroni wa kugumisha chuma, ndani ya sanduku la chuma, akaziba kwa udongo, tukavukuta moto tangu alfajiri hadi alasiri. Ilipopoa, mama akaiangalia akacheka.

"Rangi hiyo itabanduka, baba."

"Haipakwi hii, mama, inapikwa. Boroni imeingia ndani ya chuma chenyewe."

Gervas akampa tupa. Mama akasugua kwa hasira mpaka jasho likamtoka, tupa ikawa inateleza tu. Akapapasa meno ya tupa, yameisha.

"Unanifungia lini rola hii?" akauliza.

Siondoki mpaka nione magunia yake yakikobolewa. Msalimie wifi na watoto. Nakupenda hata unapokosea.

Mdogo wako,
Benedikta