Pete Iliyopotelewa na Dhamana

Iași, Jumanne

Mpenzi Sorin,

Mama yako hajambo, na cheri zimeanza kuiva. Wiki iliyopita kito cha pete yangu ya uchumba kiling'oka nikikanda unga. Nilipekua kabati zima, karatasi ya dhamana sikuiona, nikaenda kwa sonara hivyo hivyo.

"Bila karatasi, binti yangu, hata ukilia siwezi," akasema Bi Smaranda. Kisha akaigeuza pete. "Kumbe hii kazi yangu. Mchumba wako alirudi mara tatu ndipo akaichagua. Njoo Ijumaa, hulipi kitu."

Sorin, nilitamani akatae. Miezi saba hujaniandikia kutoka huko Torino, nami nilitaka kisingizio cha kuivua. Sasa sina. Nijibu kabla ya Ijumaa kama unarudi.

Ni mimi, bado wako,
Ruxandra