Chumba cha Nyuma Kina Unyevu

Jumatatu, 4 Machi
Mwenyekiti wa ushirika wetu wa nyumba kaja. Hata kiti hakijapata joto, anasema: Bibi, tangu babu afariki uko peke yako na vyumba vitatu. Kanuni unaijua.

Ananifundisha kanuni mimi — niliyemfuta kamasi! Niliitoa mimi kwa mdomo wangu, enzi tunafyatua tofali kwa mikono na nyumba ni safu moja tu. Mzee mmoja kajitandaza peke yake, mimi na watoto watano tumebanana chumba cha kupanga. Nikasema anayebaki peke yake ahamie chumba kimoja, apishe wenye watoto. Wakanipigia makofi. Sasa safu zimejaa hadi barabarani, maghorofa yanapanda, na kanuni imefika mlangoni kwangu.

Nimemjibu binti yangu anarudi na wanawe. Uongo mtupu. Basi Jumamosi kamati itapita kuwasalimia, kasema.

Jumatano, 6 Machi
Nimempigia binti. Njoo na watoto, hata wiki moja. Ati: Mama, mimi nina kwangu, usinitie kwenye maigizo yako. Nimemkatia simu.

Nimetandika vitanda vyote. Nimeanika na mashati ya marehemu. Jirani kachungulia: shoga, mzee karudi? Nimemwambia akafue ya kwake.

Ijumaa, 8 Machi
Kaja mwenyewe anayengojea nyumba hii. Fundi cherehani, mama wa watoto watatu. Shikamoo, bibi. Marahaba, sema shida yako. Kiti sikumpa — nilijua kaja kupima madirisha.

Kumbe anauliza chumba kipi kina unyevu. Kitinda mimba wake ana pumu. Nikamjibu papo hapo: cha nyuma, usimlaze huko. Kashukuru, kaenda.

Mjinga mimi. Nimeshaanza kumgawia vyumba?

Jumamosi, 9 Machi
Wako sebuleni. Mwenyekiti, wajumbe wawili, fundi cherehani na kitinda mimba wake. Binti yangu hakuja. Wageni wako wapi, bibi? Nikasema ngoja nichemshe chai. Naandika nimesimama. Maji yamechemka zamani.

Mtoto kaingia chumba cha nyuma, kapanda kitanda. Anakohoa. Mama yake ananong'ona: toka huko, kwa watu. Hatoki. Kifua kinapiga filimbi.

Nimeropoka kutoka huku jikoni: mtoe huko, si nilikwambia usimlaze huko? Atalala cha mbele!

Sinia la vikombe bado liko hapa mezani, sijalipeleka.

Mwenyekiti anaita: Bibi, umesemaje?