Mstari Nyuma ya Jiko Lako

Magomeni, Dar es Salaam
Jumatatu, baada ya alasiri

Dada yangu Somoe,

Shikamoo. Ukiipata salamu hii iitikie kabla hujasoma mbele, maana ukishamaliza sidhani kama utakuwa na hamu ya kuniitikia. Mguu wako unaendeleaje? Uvimbe umeshuka, au bado unachuchumaa kwa taabu jikoni? Na kifua cha yule mdogo kimetulia? Mimi mwili ni mzima. Nakula, nalala, natembea. Zaidi ya hapo sina cha kukueleza kwa furaha.

Utashangaa kuona barua badala ya simu. Simu ninayo na salio limo. Wiki nzima nimeishika mara nyingi nikairudisha mfukoni, kwa sababu nikisikia sauti yako najua nitadanganya tena, kama nilivyokudanganya ile Jumapili. Naomba utafute mahali ukae, uisome yote mpaka mwisho.

Ile Jumapili uliniambia shemeji Mfaume ameondolewa kwenye kazi ya kuongoza wageni. Ukasema anatuhumiwa kuwapeleka wageni na mbwa wao hadi ufukwe wa Kwa Nambije, mbwa wakafukua viota vya kasa, mayai yakatapakaa mchangani. Ukasema ule ubao mkubwa wa ramani uliosimikwa mwanzo wa njia unaonyesha njia ya mkato inayoshuka hadi ufukweni na kutokea nyuma ya jiko lako. Watu wa mradi wa njia za wageni wanadai Mfaume ndiye aliyeichomekea ili wageni wapite kwako kunywa chai. Halafu ukaniuliza, "Issa, wewe si unachora mabango huko? Huwezi kuulizia ni nani aliyechora lile?"

Nikakujibu kwamba sijui, kwamba mafundi wa mabango Dar wamejaa kila uchochoro.

Dada, lile bango nililichora mimi.

Acha nikueleze ilivyokuwa. Karakana yetu iko Gerezani, nyuma ya maduka ya vipuri, na mwenye nayo ni Bosi Kirit, ambaye baba yake ndiye aliyeianzisha. Tunachora vibao vya saluni, vya maduka ya dawa, vya shule. Siku moja akaja bwana mmoja wa mradi na oda ya vibao vya njia za miguu za pwani, kando ya hifadhi ya bahari, njia ambazo mtu anaruhusiwa kutembea na mbwa wake ilimradi amfunge kamba. Ramani aliyokuja nayo ilikuwa kopi iliyofifia, ukiitazama unaona kama mtu kamwaga chai. Bosi akauliza nani anaweza kuisoma. Nikasogea, nikaona jina la kijiji chetu.

Sikuficha furaha yangu. Nilisema kwa sauti karakana nzima isikie kwamba huko ni kwetu, nimezaliwa huko, njia hiyo naijua kwa nyayo. Miaka tisa nimekaa mjini hapa, na hakuna aliyewahi kuniuliza habari za kusini ninakotoka ila kwa utani wa korosho. Siku ile watu waliniuliza. Bosi akanikabidhi kazi yote, akasema asiguse mtu mwingine.

Nilichora kwa siku nne. Nilienda mwenyewe Kariakoo kuchagua rangi, nikawasumbua wenye maduka mpaka nikapata bluu niliyoitaka. Niliweka mikorosho, nikaweka miamba, nikaweka rasi na upepo wake. Pembeni nikachora mbwa mdogo mwenye kamba shingoni, alama ya kwamba mbwa wanakaribishwa. Wenzangu wakanitania kwamba mwana wa Mohamedi, aliyelelewa kukimbia mbwa, leo anamchora mpaka kope. Nikawasimulia habari za Mfaume, jinsi anavyoweka pipa la maji na ndoo ya udongo safi mwisho wa njia ili akilambwa mkono aoshe mara saba, mara moja kwa udongo, ndipo aende msikitini. Nikawaambia wageni nao siku hizi wanapanga foleni kuosha wakidhani ni sehemu ya matembezi. Tulicheka sana. Nilijisikia mtu mwenye kwao.

Lakini njia ya kwenye kopi ilifika rasini ikarudi ilikotoka. Mimi nikaona hawa watu hawajui kitu. Wameacha ile njia yetu ya utotoni, tuliyokuwa tunateremka nayo kwa makalio mpaka Kwa Nambije, tunaogelea, tunapandia nyuma ya nyumba hiyo unayokaa sasa. Nikafikiri pia kwamba ikipita hapo, wageni watatokea jikoni kwako wakiwa na kiu, na wewe mguu ukikuuma huna haja ya kubeba birika hadi barabarani. Nikachovya brashi kwenye nyekundu, nikaongeza mstari wa nukta nukta. Haikunichukua hata dakika mbili. Na yule mbwa nikamrudia, nikamchora mwingine juu ya mstari ule.

Sikumpigia Mfaume kumuuliza. Nilitaka mshtukie tu, siku moja nije niwaambie ni mimi. Angenijibu kwa neno moja. Angeniambia kasa wamerudi Kwa Nambije tangu hifadhi ilipoanza kulindwa vizuri, kwamba siku hizi hata nyinyi hamshuki kule msimu wa kutaga. Mimi enzi zetu kasa nilimwona mara moja, gamba tu, tukalifanya beseni. Nilichora kijiji nilichokiacha, nikakiweka njiani wakifuate watu wasiokijua.

Vibao vikaenda. Mwezi ulipita na zaidi. Kisha ikaja ile siku ya mvua kubwa, maji yamejaa Jangwani, mabasi ya mwendokasi yamesimamishwa, nikazunguka kwa miguu mpaka Gerezani suruali imelowa hadi magotini. Nikamkuta yule bwana wa mradi ameshafika na picha kwenye simu yake. Niliona mashimo, na maganda ya mayai, na nyayo za mbwa pembeni. Akauliza ule mstari mwekundu umetoka wapi. Bosi Kirit akasema sisi tunachora tunacholetewa, hatuongezi wala hatupunguzi. Aliamini anachosema, dada, sikuwa nimemwambia. Akanigeukia, akauliza, "Si ndivyo, Issa?"

Nikasema ndivyo.

Yule bwana akatikisa kichwa, akasema basi ni yule mwongozaji, ndiye tuliyetembea naye wakati wa kutengeneza ramani, na njia yenyewe inatokea kwake. Alisema vile mbele yangu. Nilikuwa nachora kibao cha saluni. Nikaendelea kukichora.

Zile siku chache nilijidanganya kwamba litapoa. Nilijiambia watamkaripia, atarudi kazini. Kisha ukapiga simu ukaniuliza, na mimi nikakujibu vile. Na juzi mjomba Chande kanipigia kunieleza kwamba kuna mkutano wa kijiji Jumamosi hii, na Mfaume akionekana ana hatia hatakanyaga tena ufukweni kwa kazi yoyote, hata madema yake ya kutegea samaki atayatoa. Akaniambia shemeji siku hizi anaswali nyumbani, hatoki, kwa sababu watoto wanamwita mla mayai. Mtu anayeosha mkono mara saba kwa ajili ya ulimi wa mbwa. Nilitoka nje ya nyumba nikakaa kwenye baraza, wapangaji wenzangu wakaniuliza nimefiwa na nani.

Leo asubuhi nimekwenda kwa Bosi nikamweleza yote, na kwamba nataka kuwaandikia. Hakupiga kelele. Alivua miwani akaifuta, akasema, "Issa, mimi nimempa yule mtu neno langu, na la baba yangu liko humo. Ukiandika, mwongo ni mimi. Kama lazima uandike, andika, lakini hapa usirudi." Nilimwambia nitaandika. Nikakusanya brashi zangu nikaondoka. Simlaumu. Na wewe usinihurumie kwa hilo, si kitu mbele ya taabu mliyonayo nyumbani.

Nakwambia ukweli, sina matumaini kwamba barua hii inatengeneza chochote. Mayai yale hayarudi. Uliniambia mbwa wamepigwa marufuku kwenye njia zote, si ile tu, na wageni waliokuwa wanakuja kwa sababu ya mbwa wao hawaji tena. Ubao umeng'olewa. Hata Mfaume akisafishwa, ataongoza nani? Nilitaka watu wapite kwako, sasa hapiti mtu. Nimeyageuza haya kichwani mpaka kichwa kimechoka, sioni mlango. Nikifikiria kupanda basi kuja kusema kwa mdomo wangu, naahirisha. Ndiyo, ni woga. Nilikuwa mwoga karakanani, nilikuwa mwoga kwenye simu, na ninakuandikia nikiwa mwoga vilevile.

Ila karatasi haiogopi. Barua hii nampa dereva wa basi la kusini kesho alfajiri, mjomba Chande ataipokea stendi Jumatano na kukuletea. Ndani ya bahasha utakuta ile kopi iliyofifia, yenyewe kabisa, niliichukua kwenye faili la oda. Itazameni juani. Njia inafika rasini na kurudi. Mstari wa kwenda Kwa Nambije haumo. Mfaume hakumpa mtu yeyote njia ile, na hakujua kama imo mpaka ubao uliposimama.

Kwanza msomee yeye. Kama atataka kunitukana, mwache atukane mpaka atosheke. Kisha Jumamosi uende nayo mkutanoni, uisome mbele ya watu wote na wa mradi wakiwepo. Usiniruke mahali pa aibu. Pale niliposema "ndivyo", pasome taratibu, wasikie.

Nisalimie mama mdogo Zuhura aliyenilea baada ya mama, mwambie mimi mwenyewe nimesema asinitetee. Nisalimie mjomba Chande, muadhini wetu, nimeona alivyopata tabu kuniambia yale. Wape salamu wapwa wangu wote wawili, usiwaambie chochote kunihusu kwa sasa. Msalimie na yule jirani yako anayekusaidia kuteka maji. Salamu za Mfaume nimeshindwa kuziandika. Nimejaribu mara tatu na zote zimekuwa za uongo.

Jambo la mwisho, dada. Ukimaliza kusoma, lazima atasimama mtu akuulize huyo aliyeandika ni nani kwako. Ukiweza, sema ni mdogo wako. Ukishindwa, sema ni fundi fulani wa Gerezani, na mimi huku nitajua kwamba umeshindwa, wala sitakuuliza.

Ni mimi,
Issa Mohamedi,
niliyechora