Kapteni wa Kibanda cha Video

Bordesley Green,
Birmingham.
Jumamosi, 7 Machi 2026

Kwako dada yangu Moraa,

Pokea salamu zangu za moyo, wewe, shemeji na watoto. Natumaini goti la Baba limepoa na Mama ameanza tena kutoka. Mimi ni mzima, na tangu harusi nimenenepa, kwa maana Cleopas ndiye anayepika. Dada, sikujua mwanamume anaweza kupendeza hivi akiwa amevaa aproni. Ananiletea chai kitandani, kisha ananiita Bibi Harusi mbele ya majirani mpaka naona haya. Ni miezi mitano sasa, na bado nikisikia ufunguo wake mlangoni hujitazama kwanza kwenye kioo.

Lakini wiki tatu zilizopita nilianza kumshuku mume wangu, na wewe pia nilikushuku. Nisamehe, nitakueleza.

Unaikumbuka ile filamu ya msichana anayeingia ndani ya mashine ya gemu kumtafuta kaka yake aliyetekwa na mfalme wa chuma? Tuliiona kwenye kibanda cha video kule Bondeni, Nakuru, tumebanana kwenye benchi, yule mtafsiri tuliyemwita Kapteni akiisimulia kwa Kiswahili kwenye maikrofoni. Nimeitafuta miaka yote. Gurvinder, ninayefanya naye kazi katika makao ya wazee, nilipomweleza alicheka, akasema hata yeye aliililia utotoni, akaniazima diski yake.

Tuliitazama Jumapili moja, wiki hizo tatu zilizopita, mimi na Cleopas, blanketi moja. Vile vyombo vya angani vilivyotutisha ni vijisanduku vya kijani tu vinavyorukaruka, lakini nilifurahi kama mtoto. Cleopas aliapa hajawahi kuiona. Basi yule kaka akatoka kwenye skrini, kimya, bila kutamka neno, na mume wangu, macho yake kwenye bakuli la njugu, akanong'ona: "Mama, songa ugali, nimerudi na njaa ya miaka saba."

Niliisimamisha filamu. Maneno hayo hayamo kwenye filamu. Ni Kapteni aliyeyabuni, na kibanda kizima kilikuwa kikiyatamka pamoja naye. Na Cleopas alikuwa ameniambia kwamba alikulia Meru, Nakuru amepita tu kwa basi.

Nilimuuliza ameyatoa wapi, akasema eti niliyasema mwenyewe usingizini. Kuanzia hapo sikutulia. Nilidhani wewe ulimfundisha mambo yetu ili anipendeze, kwa kuwa ndiwe uliyetukutanisha. Kisha nikadhani ana mwanamke aliyekulia Bondeni. Nilipekua simu yake akiwa anaoga, nikakuta picha zangu tu, nyingine nimelala mdomo wazi. Nikamtega kwa kumtajia duka lililokuwa karibu na kibanda. Akanisahihisha jina la mwenye duka kabla hajajizuia. Mwishowe nikampigia mama mkwe nikijifanya nauliza mapishi ya mukimo, nikapenyeza swali kama waliipenda Nakuru. Akasema waliipenda sana, ila hawakuagwa vizuri.

Jana nilimwambia Cleopas sitakula mpaka aseme. Akakaa kwenye ngazi, akasema. Kapteni alikuwa baba yake. Filamu hajawahi kuiona, hilo ni kweli; aliisikia tu, kwa maana baba yake aliifanyia mazoezi nyumbani wakati wa chakula. Siku ya mahari alimtambua Baba kuwa ndiye mzee wa kanisa aliyekuja na wenzake kukitia kibanda kufuli, wakisema Kapteni anawatolea watoto maneno machafu. Akaogopa kunikosa, akanyamaza. Familia yao ilihamia Meru wiki ile ile ya kufuli. Akaniambia kwamba mpaka anafariki, baba yake alikuwa akijiuliza ni neno gani alilolitamka. Kisha akanishika mkono, akaniuliza, kwa kuwa nilikuwa nikikaa kwenye lile benchi, kama niliwahi kulisikia.

Nikasema hapana, nikaenda kuosha vyombo.

Dada, hakukuwa na neno lolote. Unakumbuka siku Baba aliponikuta nikitoka video wakati wa mazoezi ya kwaya? Niliuona mshipi mkononi mwake, nikasema Kapteni hutuita ndani na kututolea matusi. Nilikuwa na miaka kumi. Baba aliniamini, akauweka mshipi chini. Hata wewe sikukuambia. Wiki tatu nimempekua Cleopas wa watu, kumbe mwenye la kufichua katika nyumba hii ni mimi.

Nimekuandikia wewe kwanza ili nipate ujasiri wa kuyasema. Cleopas yuko jikoni anakaanga vitunguu, anaimba. Nikishatia sahihi nitashuka nimsomee barua hii yote, hata pale ninapomsifu. Nawe ukiipata, msomee Baba, maana kuna mjane kule Meru anayestahili kupigiwa simu naye.

Nisalimie Mama na watoto, uwabusu kwa niaba yangu.

Ni mimi mdogo wako,
Kerubo,
ambaye mpaka dakika hii bado ni mke wa Cleopas.